Laptop moja: picha za sendofu, gemu za mdogo wangu na hesabu za kwaya

Kaka Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Kazi yangu ni kupiga picha: sendofu, harusi, kipaimara, mahafali. Natumia Canon EOS 80D niliyoinunua kwa mkopo wa kikoba, na deni nimelimaliza mwaka jana. Wiki tatu zilizopita laptop yangu ya zamani imezima moja kwa moja. Fundi ameifungua akasema bodi imeungua, kuitengeneza ni kutupa pesa.

Nina shilingi 1,300,000. Mdogo wangu wa kiume anasubiri kuingia chuo, ana 500,000 alizopata kwa kufundisha tuisheni, akaniambia, "Dada, tuchange tununue moja ya maana." Yeye anataka kucheza gemu za EA Sports FC (ya mpira) na GTA. Mume wangu ni mweka hazina wa kwaya, anahitaji Excel na barua pepe. Mtoto mkubwa anafuatilia masomo YouTube. Kwa hiyo itakuwa laptop ya nyumba nzima, ila chakula cha nyumba hiyo kinatoka kwenye picha.

Nilishuka Dar nikazunguka Kariakoo kutwa. Nimerudi na karatasi yenye tatu, zote zimeshatumika. Ya kwanza ni nyembamba, kioo cha kugusa, prosesa i7-6600U, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) GB 256, bei 850,000. Winga (dalali wa dukani) aliniapia kwamba i7 ndiyo mwisho wa matatizo. Ya pili ni ya gemu, kibodi inawaka taa, i5-11400H, kadi ya grafiki RTX 3050 ya GB 4, RAM GB 8, SSD GB 512, bei 1,750,000. Mdogo wangu nilimtumia picha yake, hajalala tangu siku hiyo. Ya tatu ni MacBook Air M1, RAM GB 8, SSD GB 256, bei 1,500,000. Wapiga picha wenzangu wawili wanazo na wanaziombea dua.

Sasa kinachoniumiza. Kabla laptop haijafa, bibi harusi mmoja alinirudishia albamu. Kwenye kioo changu picha zilikuwa nzuri kabisa. Uso wake ulionekana umefifia kidogo nikaongeza rangi, nikatuma kwa mchapaji. Zilipotoka, ngozi yake ni ya chungwa, na suti ya bwana harusi ni weusi mtupu, huoni hata kifungo. Huwa nahariri usiku watoto wakilala, mwangaza wa kioo nimeupandisha mpaka mwisho. Nilichapa upya kwa pesa yangu, ikatoka vilevile. Mchapaji akasema tatizo liko kwangu, na mpaka leo sijui liko wapi.

Je, nikinunua hiyo i7 yataisha? Msimu wa sendofu unakaribia na nimeshapokea malipo ya awali ya watu wanne.

Mama wa Kamera, Morogoro

*

Marahaba, dada yangu, na hongera kwa kulimaliza lile deni. Najua uzito wa kupiga harusi ya mtu kwa kamera ambayo bado si yako.

Umeuliza laptop, lakini mimi niliirudia mara mbili ile habari ya albamu. Nianzie hapo, kwa sababu jibu la laptop limo humo humo.

Jicho lako halikukosea. Vioo vingi vya laptop za bei ya chini havina uwezo wa kuonyesha rangi zote zilizomo ndani ya picha. Kipimo cha picha za kawaida kinaitwa sRGB, na kioo cha mtu anayehariri kwa malipo kinapaswa kuonyesha karibu asilimia 100 ya rangi za kipimo hicho. Vile vinavyoandikwa kwenye maelezo "45% NTSC", kwa kipimo kingine cha rangi, vinafika kama asilimia 62 tu ya sRGB. Juu ya kioo cha namna hiyo nyekundu hupauka. Na ngozi zetu, dada yangu, chini ya kahawia yake zimejengwa kwa nyekundu na njano. Hina, dhahabu na kitenge cha mama mkwe hukaa upande huohuo. Ulipoona uso wa bibi harusi umefifia, ulifanya ambacho mhariri yeyote anayeyaamini macho yake angefanya: ukaongeza. Faili ikakibeba kila ulichoongeza. Kioo chako hakikuweza kukuonyesha, karatasi ikaonyesha.

Na suti? Hiyo ni habari ya mwangaza. Kioo kikiwashwa mpaka mwisho ndani ya chumba chenye giza, hata vivuli vizito huonekana vinang'aa. Ukaona vifungo, ukaona mshono, ukaridhika. Karatasi haina taa nyuma yake, hivyo vivuli vilivyokuwa vinabebwa na ile taa vikazama. Ndiyo maana ulipochapa upya bila kugusa faili, ilitoka vilevile. Mchapaji alisema kweli, ingawa angeweza kukueleza kwa upole zaidi.

Kwa hiyo hiyo i7 haitaondoa tatizo lako hata chembe. Sifa ya kwanza ya laptop yako wewe ni kioo, na nimesikitika kwamba kati ya watu wote waliokuuzia maneno Kariakoo kutwa nzima hakuna hata mmoja aliyekitaja. Sikulaumu wewe. Kioo hakiandikwi kwenye kibandiko.

Usikubali pia ukiambiwa "hii ni IPS, rangi zake safi." IPS inamaanisha picha haigeuki ukiitazama kutoka pembeni, jambo zuri, lakini kuna IPS zilizojaa rangi na kuna IPS zilizopauka. Nitakueleza mbele namna ya kuzitofautisha ukiwa dukani.

Baada ya kioo inafuata RAM. Windows 11 yenyewe, kabla hujafungua chochote, hula GB 3 hadi 4. Fungua kivinjari chenye kurasa kumi za mtoto, kisha Lightroom, programu ya kuhariri picha, na GB 8 zimekwisha. Kutoka hapo kompyuta inaanza kuazima nafasi kwenye diski na kila ukisogeza kitufe unasubiri. Adobe wenyewe wanataja GB 8 kuwa kiwango cha chini cha Lightroom Classic na kupendekeza 16. Chukua 16, au chukua yenye 8 ambayo inafunguka ukaongeza. Hilo la kufunguka uliulize kwa sauti, maana laptop nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye bodi.

Nafasi, tupige hesabu ya kazi yako. Kamera yako ni ya megapikseli 24, faili moja ya RAW (picha ghafi ya kamera) ni kama MB 29. Sendofu ya picha 1,200 ni karibu GB 35. SSD ya GB 256, ukitoa Windows na programu, hubakiwa na GB 180 hivi: sendofu tano, imejaa. Sasa mlete mdogo wako. FC 24 na FC 25 kila moja inataka nafasi ya GB 100. Yeye akishaweka mpira wake, wewe unabaki na sendofu mbili. Kwa nyumba yako GB 512 ni mwanzo tu, na diski ya nje ya TB 1 au 2 ni lazima, si anasa.

Nirudi kwa i7, maana neno hili limewala watu wengi na wengi wao walikuja kulia kwenye meza yangu ya ufundi. Jina i7 peke yake halisemi kitu. Soma namba baada ya kistari. i7-6600U: hiyo 6 ni kizazi cha sita, cha mwaka 2015, na ndani ina kori (vitengo vya kufanyia kazi) 2 tu. Mdogo wake kwa jina, i5-8250U wa mwaka 2017, ana kori 4. Kuanzia kizazi cha kumi soma tarakimu mbili za mwanzo, kama hiyo 11400H, kizazi cha kumi na moja. Herufi ya mwisho nayo ina maneno: U ni ya kubana umeme, H ni ya kazi nzito, inakula umeme na kupata joto zaidi. Kuna kingine kikubwa kuliko vyote: Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha nane, au, kwa laptop za AMD, Ryzen za mfululizo wa 3000. Ile ya 850,000 haimo. Fundi anaweza kuilazimisha iingie, lakini wewe unatunza picha za watu, usijenge juu ya kulazimisha. Ifute kwenye karatasi yako.

MacBook Air M1 wenzako hawakosei kuipenda. Kioo chake kinazidi sRGB, betri inadumu, haina feni hata moja na bado inahariri kwa kasi. Pesa zote zingekuwa zako peke yako, ningekwambia utafute hiyohiyo lakini yenye RAM GB 16. Ila RAM yake haiongezeki milele, diski yake haibadilishwi, na FC haitoki kwa Mac. Mdogo wako atakuwa amechanga laki tano za kuangalia wenzake wanacheza. Ukiikuta siku nyingine ukiwa na pesa yako, hakikisha mwenye nayo ameiondoa kwenye akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako, la sivyo utanunua sahani.

Ya gemu sasa. Kwa mdogo wako ni pepo. RTX 3050 inazidi kwa mbali kiwango ambacho FC hizo zinadai, yaani GTX 1050 Ti ya GB 4. Hata kwako ina faida, kwa kuwa kile kipengele cha Lightroom cha kusafisha chengachenga za picha zilizopigwa ukumbini gizani kinategemea kadi ya grafiki. Hofu yangu ni kioo. Laptop za gemu za bei ya chini ndizo zinazoongoza kufungwa hivyo vioo vya asilimia 62: kampuni zimeweka pesa kwenye kadi, kioo kikakatwa. Na kwa 1,750,000 unabaki na elfu hamsini. RAM ya kuongeza utainunua na nini? Diski ya nje je?

Ninayokushauri haimo kwenye karatasi yako. Tafuta laptop za kazi nzito za maofisini ambazo huja zimeshatumika: Dell Precision 5530 au 5540, HP ZBook 15 G5 au G6. Hizi zilitengenezwa mwaka 2018 na 2019 kwa ajili ya wahandisi na wabunifu, kwa hiyo zilipewa prosesa za herufi H, nafasi za RAM zinazofunguka, na kadi za grafiki za Quadro. Precision 5530 yenye Quadro P2000 ya GB 4 iko karibu kabisa na ile GTX 1050 Ti, maana yake mdogo wako atacheza FC akishusha ubora wa picha, na GTA V ya toleo la mwaka 2015 haitamsumbua. Kioo chake cha kawaida kinafikia rangi za sRGB. ZBook ziko za vioo vizuri na ziko za vioo dhaifu, hapo ndipo ukaguzi unapohusika. Ukiipata yenye RAM 16 na SSD 512, kwenye milioni 1.8 yenu jitahidi ibaki angalau laki mbili za diski ya nje. Ukipewa yenye RAM 8 kwa bei ya chini zaidi, ichukue uongeze.

Kuna njia ya pili, kama mdogo wako atang'ang'ania ile ya taa: nunueni hiyo ya gemu, halafu malipo ya sendofu mbili za kwanza yaende kwenye monita iliyotumika ya inchi 24 ya aina ya Dell UltraSharp. Wewe unahariri kwenye monita, yeye anacheza kwenye kioo cha laptop. Ni njia nzuri, ila ina hatari moja: zile kazi nne ulizopokea malipo ya awali utazihariri kwenye kioo kibovu kabla monita haijaja. Ndiyo maana naiweka ya pili.

Ukienda dukani, beba vitu viwili: flashi yenye picha zako tatu unazozijua, na karatasi zake zilizochapwa vizuri na mtu unayemwamini. Chagua uso wa mtu mweusi sana, uso wa maji ya kunde, na kitenge chekundu. Fungua picha, shusha mwangaza mpaka ukurasa mweupe ulingane na weupe wa karatasi mkononi, zima ile taa ya usiku inayofanya kioo kuwa cha njano, halafu linganisha. Kioo kilichopauka utakijua ndani ya sekunde kumi. Ukitaka uhakika zaidi, mwombe muuzaji uweke programu ya bure ya HWiNFO. Inaonyesha namba ya kioo chenyewe, na namba hiyo ukiiandika kwenye intaneti kwa kawaida unapata asilimia ya rangi zake. Muuzaji akikuzuia kufungua na kulinganisha, aga kwa heshima uondoke.

Kabla ya kulipa, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Inatoa ripoti yenye namba mbili za betri, uwezo ilipokuwa mpya na uwezo wake leo. Ikiwa imebaki nusu, shusha bei. Pitisha kidole juu ya padi ya kipanya: ikiwa imeinuka au haibonyezeki, betri chini yake inaweza kuwa imevimba, na betri iliyovimba ni hatari ya moto, achana nayo. Washa upya uingie kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijawaka) uone kama haidai neno la siri. Laptop za maofisini nyingine huja bado zimefungwa na kampuni zilizotoka, na ukiiunganisha na intaneti nyumbani inakudai akaunti ya watu usiowajua. Kwa hiyo iwashe kwa mara ya kwanza na intaneti ukiwa palepale dukani. Angalia chaja pia. Precision hiyo inataka ya W 130, ukipewa ya W 65 itachaji kwa kusuasua na kazi itakuwa nzito.

Mdogo wako nina neno naye, naomba umsomee. Mdogo wangu, laki tano ulizotoa kwa kufundisha ni pesa ya heshima na una haki ya kucheza. Lakini ndani ya laptop hiyo kuna siku za watu ambazo hazirudi. Usipakue gemu zilizovunjwa kufuli. Humo ndimo virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hupitia, na havitachagua faili la mpira na faili la harusi. Tumia akaunti yako ya Windows isiyo ya msimamizi, na dada yako akiwa na kazi ya kukabidhi kesho, gemu inasubiri. Kubalianeni saa kabla ya kununua, si baada.

Hilo la kufuli nakuambia na wewe, dada yangu. Lightroom ya kuvunja inauzwa kila kona kwa elfu kumi, na ni mlango uleule. Kama malipo ya Adobe ya kila mwezi ni mazito kwa sasa, darktable ni ya bure, halali, na inafungua RAW za 80D bila shida. Itakuchukua wiki mbili kuizoea.

Picha za mteja zikae sehemu mbili muda wote: kwenye laptop na kwenye diski ya nje ambayo inakaa kabatini, haiazimwi kwa sinema. Kadi ya kamera usiifute mpaka sehemu zote mbili zimeshahakikiwa. Za kuchapa zitoe kwa sRGB isipokuwa mchapaji akuombe vingine. Na wale wenzako wawili wa MacBook, ongea nao mchange mnunue kifaa kimoja cha kusawazisha rangi za kioo, cha Datacolor au Calibrite. Kinatumika dakika chache kwa mwezi, hakuna sababu kila mtu awe na chake.

Mume wako na mtoto sijawasahau. Excel ya kwaya na YouTube vitapita kwenye mashine yoyote kati ya nilizokutajia bila hata feni kupandisha sauti.

Mwisho, zile RAW za bibi harusi aliyerudisha albamu. Kama zilikuwa kwenye diski ya laptop iliyokufa, usikate tamaa: bodi ndiyo iliyoungua. Mwambie fundi aichomoe diski, aiweke kwenye kasha la USB, kuna uwezekano mkubwa kila kitu kipo. Chagua picha nne, uso wake, mikono yenye hina, suti ile, na moja ya wazazi. Zianze upya kwenye kioo kipya ukiwa umeshusha mwangaza, chapa hizo nne tu kwa saizi ndogo, ziweke kando ya zile za zamani mchana karibu na dirisha. Zikitoka sawa, mpelekee. Kisha niandikie, nataka kujua kama vifungo vya suti vimeonekana.

Kaka Mshauri